Mbwa na paka wako msimu wa Krismasi na Mwaka Mpya: mwongozo kutoka Mtwara

Desemba ya Mtwara unaijua. Minada ya korosho iliyoanza Oktoba imeshawalipa wengi, watoto wamefunga shule, ndugu wanashuka kutoka Dar na mizigo yao, na kila baada ya nyumba tatu kuna spika. Mbuzi anachinjwa uani, ukuta unapakwa rangi upya, geti halikai limefungwa. Chini ya mikorosho mabibo ya mwisho yanaoza na kunuka utamu.

Sisi hiyo tunaiita sikukuu. Mbwa na paka hawana neno hilo. Wanachoona ni kwamba nyumba waliyoizoea imepinduliwa: chakula si kile, wageni wamelala mahali pao, mtu anayewalisha hana muda, na usiku mbingu inapasuka. Ndiyo maana mimi nafuata kanuni moja, na mengine yote humu yanatoka kwayo: kadiri siku yetu inavyokuwa ya pekee, siku ya mnyama ibaki ya kawaida. Saa ileile ya kula, chakula kilekile, mahali palepale pa kulala.

Ninaishi Chuno na mbwa mmoja wa kienyeji, Tuone, na paka wawili. Mwaka juzi nusura nimpoteze Tuone usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, na habari hiyo nitaifikia.

Anza Novemba, usingoje tarehe 24

Jambo la kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa mbwa na kwa paka pia. Chanjo ya mara ya kwanza huhitaji takriban wiki tatu hadi nne ili kinga ijengeke, kwa hiyo ukichanja wiki ya Krismasi umechelewa kwa wageni wa Krismasi. Baada ya hapo irudiwe kila mwaka, au kama kadi yako inavyoelekeza. Kuanzia mwaka 2010 mikoa ya kusini mashariki, Mtwara na Lindi zikiwemo, ilipata kampeni kubwa za kuchanja mbwa, na wengi wetu tukajenga mazoea ya kungoja kampeni ije mtaani. Usingoje. Nenda kwa afisa mifugo wa kata au ofisi ya mifugo ya halmashauri, uchanje, upewe kadi, uitunze pamoja na vyeti vya nyumbani.

Ukiwa hapo hapo, omba namba ya simu ya daktari wa mifugo na umuulize wazi: tarehe 25, 26 na 31 nikipata dharura nimpigie nani? Ofisi zinaweza kuwa zimefungwa. Namba hiyo iandike mlangoni kwa kalamu, maana simu yako siku hiyo inaweza kuwa imezima chaji au iko mikononi mwa mtoto anayecheza gemu.

Piga picha za mnyama wako mbili: moja ya uso, nyingine ya ubavu mzima ikionyesha alama zake. Mvalishe mkanda wa shingoni wenye namba yako. Mkanda usimbane; vidole viwili vipite kati yake na shingo. Paka wengi wetu hawavai chochote, lakini picha walau uwe nayo.

Kisha zunguka uzio. Ingia kwa jicho la mbwa, chini kabisa, utazame bati lililoinuka na tundu lililochimbwa na kuku. Mbwa mwenye hofu hupita mahali ambapo siku nyingine hawezi kupita.

Wiki ya usafi na rangi

Tunapenda kuingia sikukuu na nyumba safi, na hapa ndipo sumu inapoingia. Chokaa mbichi ya ukutani huunguza: paka akiikanyaga, atajilamba miguu, na ulimi na koo vitaungua. Wafungie paka ndani mpaka ukuta ukauke, na matone yaliyodondoka sakafuni yafutwe siku hiyohiyo.

Sumu ya panya ndiyo ninayoiogopa zaidi. Mbwa anaweza kuila yenyewe, au akamla panya aliyekwisha kuila. Zipo aina zinazozuia damu kuganda, na dalili zake huchelewa siku kadhaa: mnyama analegea, ufizi unapauka, pengine damu inatoka puani. Kwa wakati huo hakuna anayekumbuka kwamba wiki iliyopita uliweka sumu nyuma ya kabati. Kama una mnyama ndani, tumia mtego. Na kama stoo yako ina mabaki ya salfa na dawa za mikorosho za msimu uliopita, ziinue juu kabisa na ufunge mlango kwa kufuli.

Korosho, mabibo na uraka

Hili huwezi kuliona kwenye miongozo ya watu wa mbali, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kokwa ya korosho iliyokwisha kubanguliwa si sumu kwa mbwa. Ina mafuta mengi, na ile ya kukaanga ina chumvi, kwa hiyo moja au mbili hazimdhuru, bakuli zima litamharisha. Hatari iko kwenye korosho ghafi, yenye ganda. Ndani ya ganda mna mafuta meusi yanayounguza ngozi; ndiyo maana wanaobangua kwa mkono hujipaka majivu au mafuta ya kula viganjani.

Mkesha mmoja wa Krismasi watoto wa kaka yangu walikuwa wakichoma korosho uani juu ya bati lililotobolewa, moshi umejaa kote, nami niko jikoni. Mdogo wao akaja mbio: “Shangazi, Tuone analamba kitu kinanata halafu analia.” Nilipotoka nilimkuta anasugua mdomo mchangani, mguu mmoja wa mbele unafuta pua. Mdomo wa chini ulikuwa na doa jeusi linalong'aa kama lami, na pembeni yake ngozi ilishaanza kuvimba na kuwa nyekundu. Alikuwa ameokota korosho iliyoungua nusu, akaitafuna.

Ikikutokea, fanya hivi. Vaa glavu, au mfuko mkononi. Chukua kitambaa chenye mafuta ya kula ufute lile doa taratibu, kwa sababu mafuta yale hayatoki kwa maji peke yake. Badilisha kitambaa, futa tena, kisha osha kwa sabuni na maji mengi, ukilinda macho. Mzuie asijilambe wala asijisugue, halafu mpigie daktari. Usipake dawa ya meno wala unga wa ngano. Tuone alikula uji wa vuguvugu siku nne kabla ya kurudia chakula chake.

Mabibo nayo: bibo moja bichi lililodondoka halina neno, ila yaliyokaa chini siku mbili tatu huanza kuchacha na kuwa na kilevi. Zoa chini ya mkorosho kila asubuhi. Ndoo ya uraka, ile pombe ya mabibo, ifunikwe na ikae juu. Wapo wanaomwagia mbwa uraka au gongo kwenye sufuria ili wacheke akiyumba. Mwili wa mbwa hauwezi kuhimili kilevi kama wetu. Sukari yake ya damu na joto la mwili vinashuka, pumzi inalegea, na anaweza kufa usingizini. Mzuie mgeni huyo, hata akiwa mkubwa wako. Tangu mwaka 2008 nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, na kumtesa mnyama kwa burudani ni kosa.

Sufuria ya sikukuu

Mnyama wako ale chakula chake kabla wageni hawajaanza kula chao. Mbwa aliyeshiba saa sita hasumbui meza saa nane. Na waambie wageni mapema, kwa adabu, kwamba asipewe kitu. Wageni wanampa kwa upendo, na hapo ndipo ugumu ulipo: watu kumi na wawili, kila mmoja kampa kipande kimoja tu.

Pilau ndiyo inayonitia wasiwasi, na si kwa sababu ya viungo. Ni vitunguu. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyokaangwa, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Kwa mbwa, gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kuleta madhara. Kwa paka ni karibu gramu 5 tu. Mbwa wa kilo 12 akikombeleza ukoko wa sufuria kubwa pamoja na rojo la chini anaweza kufika huko. Dalili huja baada ya siku kadhaa: mkojo wa rangi ya kahawia, ufizi mweupe, kuchoka. Zabibu kavu ambazo baadhi yetu tunatia kwenye pilau au keki huweza kuua figo za mbwa, hata kwa kiasi kidogo. Chokoleti nayo ni sumu, na ile nyeusi ndiyo kali zaidi. Vivyo hivyo bazoka zisizo na sukari zenye zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari.

Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Ya kuku ni mibaya kuliko yote. Lakini kitu ambacho watu hawakifikirii ni vijiti vya mishikaki: vinanuka nyama, vimelowa mafuta, mbwa anavimeza vizima na vinatoboa utumbo. Weka ndoo moja yenye kifuniko karibu na jiko la mkaa, na kila kijiti kikimaliza kazi kiingie humo. Nimewapa watoto kazi ya kuvihesabu, na wanaifanya kwa bidii kuliko watu wazima.

Siku ya kuchinja, usimtupie mbwa mapafu wala maini mabichi, hasa ukiona yana malengelenge yenye maji. Hayo ni mifuko ya watoto wa tegu, na tegu huyo kutoka kwa mbwa humrudia binadamu. Yafukie shimo refu.

Na kwa wanaokaa karibu na pwani, Shangani, Mikindani, Msangamkuu au kule Lindi: wavuvi wakipata bunju, yule samaki anayejivimbisha, humtupa mchangani. Bunju ana sumu isiyokufa kwa kupikwa wala kukauka. Ukitoka na mbwa ufukweni asubuhi ya sikukuu, mshike kamba.

Ukitaka naye aonje sikukuu, mchemshie kipande cha nyama isiyo na mafuta wala chumvi, au samaki aliyetolewa miiba yote, umchanganyie na ugali au wali mweupe wake wa kila siku. Anafurahi sawasawa.

Wageni, watoto na mlango

Wageni wetu wengi ni Waislamu na hawapendi kuguswa na mate ya mbwa. Kwao ni najisi, na hawana haja ya kunieleza. Kumtenga Tuone kabla hawajabisha hodi ni heshima kwao na ni raha kwake. Anakaa chumba cha nyuma na mkeka wake, maji na mfupa wake wa kamba ya katani niliyoifunga mafundo.

Watoto wa wageni waambie mambo matatu tu, wakizidi watasahau: usimguse akila, usimguse akilala, usimfuate akiondoka. Paka mwachie njia ya kwenda juu, kabati au dirisha, mahali ambapo mikono ya mtoto haifiki.

Mtu aking'atwa au kukwaruzwa, hata kidogo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni Krismasi, hata kama mbwa amechanjwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba. Usipake pilipili wala mafuta ya taa.

Mapambo nitayapita haraka. Tawi la mvinje ulilosimamisha sebuleni lifunge ukutani lisimwangukie paka. Nyuzi zinazong'aa zikae juu, kwa sababu paka akizimeza hujikunja ndani ya utumbo. Mapulizo yaliyopasuka yaokotwe.

Joto

Kabla mvua hazijakaza, mchana wa Desemba kwetu ni mzito. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Anapoza mwili kwa kuhema. Maji yawe mahali pawili, kwenye chombo kizito kisichopinduka, na yabadilishwe mchana. Usimwache ndani ya gari hata dakika 10 wakati unanunua soda. Ukimwona anahema bila kutulia, mate yamekuwa mazito, ufizi mwekundu sana au anayumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwilini kote, mpepee, kisha daktari.

Safari ya kijijini

Kama mnakwenda Masasi, Newala au Ruangwa kwa siku tatu nne, mimi nashauri paka abaki. Paka hufungamana na nyumba. Mwache na jirani ambaye ataingia ndani mara mbili kwa siku, si wa kumrushia chakula kupitia dirishani. Mwachie chakula kilichopimwa, namba za simu, na pesa kidogo ya dharura mkononi mwake. Jirani asiyeachiwa pesa atasita kumwita daktari.

Mbwa akienda nanyi, muulize afisa mifugo kuhusu kibali cha kumsafirisha, na ongea na kondakta siku moja kabla. Asile kwa muda wa saa nne au tano kabla ya safari. Mkisimama Mnazi Mmoja ya Lindi, pale penye samaki wa kukaanga na kamba wa baharini, msimshushe bila kamba ya shingoni. Kelele za wauzaji na mabasi zinatosha kumtorosha. Wanaoelekea Liwale wajue kuna mbung'o, inzi anayeuma na kuambukiza ugonjwa wa damu. Mbwa akirudi kutoka huko anakonda, ana homa au macho yamekuwa na ukungu mweupe, apimwe damu bila kuchelewa. Na kokote mlikotoka, mchambueni kupe masikioni na katikati ya vidole.

Usiku wa tarehe 31

Mwaka juzi nilimfunga Tuone kwa mnyororo kwenye mwembe, nikiamini ndiyo usalama. Saa sita fataki zikaanza upande wa Ligula, kisha mtaani kwetu, debe zikagongwa, honi za bodaboda zikalia. Nilitoka nikakuta mnyororo umekatika na mkanda uko chini, wenye damu kidogo. Siku ya tatu mpita njia alipiga simu: yuko karibu na Mikindani, chini ya minazi, kucha mbili zimeng'oka na hasogelewi. Nilikaa naye mchangani karibu saa nzima kabla hajakubali kunigusa.

Sikio la binadamu husikia sauti za hadi mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mbwa hupita 40,000, paka hupita 60,000. Mlio unaotushtua sisi, kwao ni kitu kingine kabisa. Kwa hiyo usiku huo asifungwe mnyororo kamwe. Anaweza kujinyonga akiruka, na asiponyongwa atajikata.

Sasa ninafanya hivi. Saa kumi na moja jioni namtembeza kwa kamba mpaka achoke, apate haja zake zote. Saa kumi na mbili anakula. Saa moja, kabla ya mlio wa kwanza, anaingia chumba cha ndani chenye madirisha machache. Dirisha nimelifunika blanketi, juu yake khanga mbili. Chini pana mkeka, nguo yangu iliyovaliwa, maji, na meza iliyofunikwa shuka ili awe na pango la kujificha. Redio inawaka kwa sauti ya wastani tangu mapema, isianze ghafla pamoja na fataki. Paka wako chumba kingine na sanduku la mchanga mkavu. Mlango wa chumba unafungwa, na mlango wa nje una ufunguo mikononi mwa mtu mmoja tu. Usiku huo mtu huyo ni mimi. Ninaokwenda nao mkesha wa kanisani wananielewa.

Akitetemeka, kaa naye. Wapo wanaosema ukimbembeleza utamzoesha woga. Si kweli; woga si tabia anayoitafuta ili apewe zawadi. Mguse kama anataka kuguswa, na akitaka kujificha mwache ajifiche. Usimvute kutoka uvunguni.

Usimpe dawa zako. Kidonge kimoja cha Panadol cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka, na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Kama unajua mbwa wako huwa na hofu kali, zungumza na daktari wa mifugo mapema Desemba. Zipo dawa za kumtuliza zinazopimwa kwa uzito wake.

Akila sumu

Ondoa kilichobaki mdomoni kama unaweza bila kung'atwa. Hifadhi pakiti au kipande cha alichokula, na matapishi pia. Andika saa. Piga simu. Usimmiminie maziwa, dafu wala mafuta ya nazi kwa nguvu, na usimtapishe kwa maji ya chumvi. Kitu kinachomiminwa kwenye koo la mnyama aliyelegea huingia mapafuni.

Asubuhi ya Mwaka Mpya

Usifungue geti kwanza. Chukua fagio na ndoo uzunguke uani: maganda ya fataki, zile zisizolipuka, vijiti, chupa zilizopasuka, mifupa, mabibo. Fataki isiyolipuka imwagie maji kabla ya kuishika. Kisha mtoe mbwa kwa kamba, mpeleke kwenye kona yake ya kila siku, umtazame miguu, kucha na macho. Akikojoa na kunywa maji, mfungue kamba. Paka wangoje mpaka jioni, na ukiita asitoke uvunguni, sukuma sahani ya samaki karibu naye na uondoke chumbani.